Mtoto Ajue Kwao Kote

Ndugu zangu wa Mwembesongo, na majirani wote wa Manispaa ya Morogoro, nina ombi juu ya watoto wetu walio kati ya darasa la saba na kidato cha nne ambao mzazi wao mmoja, au wote wawili, wana asili ya nje ya Tanzania. Wapo wengi kuliko tunavyodhani. Wengine baba zao walikuja kutoka Burundi au Kongo wakifuata biashara, kanisa au bendi ya muziki. Wengine mababu zao walivuka Ruvuma wakitokea Msumbiji kuja kukata mkonge. Wapo wenye asili ya Kihindi, ya Kiarabu, ya Kisomali. Na wapo, jambo ambalo vijana wa leo hawasimuliwi, wajukuu wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini walioishi Mazimbu.

Watoto hawa hawana shida ya lugha. Kiswahili chao ni cha hapa hapa, na maneno ya kijiweni wanayajua kutuzidi. Hawana shida ya chakula wala ya mavazi. Shida huanza pale sauti inapoanza kukwaruza na chunusi kutoka, mtoto akataka kujua yeye ni nani, nasi watu wazima tukamjibu kwa mzaha au kwa kunyamaza. Akikosa penalti, anaitwa Mrundi. Akifunga, ni kijana wa Mwembesongo. Akiuliza nyumbani, baba anamwambia mambo ya huko yalikwisha. Mama anamwambia asome kwanza.

Ombi langu ni hili: mtoto ajue kwao kote, upande wa baba na upande wa mama, kabla sheria na maisha havijamtaka achague.

Wala tusidhani ni jambo geni hapa. Mji huu ulijengwa na mtu wa kuja. Katikati ya karne ya 19 Kisabengo, ambaye hakuwa Mluguru, alisimamisha mji wake wenye boma chini ya milima hii, akawakusanya watu waliokuwa wametoroka utumwa na wengine wasio na pa kwenda. Hakuwa malaika, wasafiri wa Kizungu walimwandika kama mnyang'anyi, na hatuna sababu ya kumsafisha. Lakini mji aliuacha, binti yake Simbamwene akautawala, na msafiri Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta ukiwa na jina. Reli ikafika kutoka Dar es Salaam mwaka 1907. Yakaja mashamba ya mkonge, wakaja manamba, Wagiriki, Wahindi, Waarabu wa maduka. Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ikiwa na watu 315,866. Ile ya 2022 ikahesabu 471,409. Watu zaidi ya laki moja na nusu kwa miaka kumi hawakuzaliwa wote katika wodi za hospitali zetu. Anayesema Moro ni ya wenyewe atutajie wenyewe hao ni akina nani.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Salum Abdallah. Alizaliwa hapa Morogoro mwaka 1928, baba Mwarabu, mama Mluguru. Baba hakutaka kusikia habari za muziki. Husimuliwa kwamba Salum, akiwa bado kijana mdogo, alitoroka nyumbani akitaka kufika Cuba, kwa sababu tu alizisikia santuri za huko zikamshika moyo. Akafika Mombasa, Vita vya Pili vikamzibia njia ya meli, akarudi. Mwaka 1948 akaanzisha kikundi cha La Paloma, ambacho baadaye kilikuja kuwa Cuban Marimba, na mji mzima ukacheza. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, akiwa hajafikisha miaka arobaini.

Mtazame vizuri huyo kijana. Nyumbani kuna Uarabu wa baba, milimani kuna Uluguru wa mama, na yeye anakimbilia kisiwa ambacho hakuna hata ndugu yake mmoja aliyewahi kukiona. Leo tungemwita mtoto aliyepotea. Tungemnyang'anya simu. Lakini katika upotevu ule ndimo alimopata mahali pa kuziweka pande zote: mdundo wa Cuba, maneno ya Kiswahili, mji wa Morogoro. Ndiyo maana sishtuki ninapomwona binti mwenye baba Mkongo na mama Mluguru akishinda na singeli masikioni, akisuka nywele kwa mtindo alioutoa kwenye simu na kujiita jina ambalo halimo kwenye ukoo wowote. Anatafuta. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba atakapochoka kutafuta mbali, atawakuta watu wa karibu wenye la kumwambia.

Sasa twende Mazimbu. Habari za Mazimbu sisi wa Morogoro tunazijua, ila tumezifunika.

Baada ya polisi kuwafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto tarehe 16 Juni 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini walikimbia nchi yao. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa chama chao, ANC, eneo la Mazimbu, lililokuwa shamba la mkonge, wajenge shule. Ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Palikuwa na sekondari, shule ya msingi, malezi ya watoto wadogo, hospitali, karakana, mashamba. Mafundi na vibarua wengi walitoka mitaa yetu. Na watu wakiishi pamoja miaka kumi na tano hawaishii kusalimiana tu. Walipendana, wakaoana, wakazaa.

Februari 1990 ANC iliruhusiwa tena kufanya siasa Afrika Kusini, na Julai 1992 Mazimbu ikakabidhiwa kwa Tanzania. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na makaburi ya wale waliofia ugenini bado yapo. Majengo yalikabidhiwa kwa hati na hotuba. Familia hazikukabidhiwa kwa mtu yeyote. Wapo wanawake wa Kitanzania waliofuatana na waume zao kwenda Afrika Kusini. Wapo walioambiwa baba anatangulia, ataita. Wanahistoria Arianna Lissoni na Maria Suriano walichapisha utafiti juu ya wanawake hao mwaka 2014, nami ningependa kila mwalimu wa historia wa mji huu ajue kwamba historia ya kwao imekwisha kuandikwa na watu wa mbali.

Fikiri juu ya watoto wa familia hizo walipofikia umri ule ninaouzungumzia. Aliyeondoka alifika katika nchi aliyoijua kwa nyimbo na picha, akawakuta wenzake wa mtaani wanazungumza Kizulu, Kixhosa au Kisotho, na yeye mdomoni ana Kiswahili na Kiingereza. Aliyelelewa kuamini kwamba anarudi nyumbani akaonekana mgeni nyumbani. Mei 2008, watu zaidi ya sitini walipouawa Afrika Kusini katika mashambulizi dhidi ya wageni, mtu aliyekulia Morogoro hakuhitaji kuambiwa kwamba namna yake ya kutamka maneno inaweza kumponza. Na aliyebaki huku aliitwa mtoto wa Msauzi, kwa sauti ambayo wakati mwingine ilikuwa ya sifa na wakati mwingine ya kejeli, huku kwenye fomu za shule nafasi ya jina la baba ikiwa na jina ambalo hakuna mtu aliyeweza kumweleza lina maana gani kwa ukoo wake.

Wale ni watu wazima sasa, nao wana watoto wa kidato cha pili. Wakikaa kimya, watoto hao watarithi nafasi ile ile iliyo wazi. Kama wewe ni bibi uliyebaki na picha ya Mazimbu sandukuni, itoe. Hata kama kuna uchungu ndani yake. Mjukuu wa miaka kumi na tano anaweza kuubeba ukweli mchungu. Kinachomwelemea ni ile nafasi iliyo wazi.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa chini ya Uluguru kuliko watu wa mikoa mingi, nalo tunalipita kama halipo. Kwa desturi ya Waluguru mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake. Ardhi ya ukoo milimani ilifuata njia hiyo, na mjomba alikuwa na kauli. Upande wa baba haukuachwa mikono mitupu: mtoto alipata pia jina la upande huo. Lakini makabila mengi yanayotuzunguka, pamoja na Warundi na watu wengi wa Kongo na Afrika Kusini, humhesabu mtoto kwa baba.

Baba akiwa Mrundi na mama Mluguru, mtoto anavutwa na koo mbili. Atachoka, lakini anavutwa na watu wanaomtaka. Geuza sasa. Baba ni Mluguru, mama ni Mrundi. Mzee wa Mgeta milimani aliyeshika desturi atasema mtoto huyu ni wa kwa mama yake. Ndugu wa mama kule Burundi watasema ni wa kwa baba yake. Kila upande unazungumza kwa haki ya mila yake, kila upande unamheshimu mwenzake, na mtoto anabaki katikati hana ukoo. Hakuna aliyemfukuza. Ameangukia tu kwenye ufa wa mila mbili nzuri.

Najua mjini mambo yamebadilika. Dini, shule na majina ya ukoo wa baba vimepunguza makali. Lakini msiba unapotokea, au shamba la Matombo au Kinole linapogawanywa, suala linarudi, na kijana aliyedhani ni wa nyumbani anaambiwa akae pembeni. Kwa hiyo nawaomba wajomba na shangazi wa Kiluguru: msisubiri siku ya msiba. Likizo ya Desemba mpandisheni mtoto milimani, ajue nyumba ya bibi yake, ajue makaburi, ajue nani anamwita nani nini. Mtoto wa kaka yenu mwenye mama kutoka nje mpeni nafasi inayosemwa mbele ya watu, kwa sababu mila ya pande zote mbili imemwacha na ninyi ndio mnaoweza kuuziba ufa huo. Mababu zetu walikuwa na uwezo wa kumpokea mtu ukooni. Hatujawa wajinga kuliko wao.

Kina mama, wasichana wetu wanapochezwa, pale panapochezwa, somo anasema na mwali kana kwamba ana upande mmoja tu. Bibi wa upande wa pili aitwe naye, na kama yuko mbali apigiwe simu. Mengi atakayoyasema mtakuta mnayakubali.

Nitasema neno juu ya utani, kwa sababu ndiyo ngao tunayoitumia tukikemewa. "Si tunataniana tu." Utani ninaujua na ninaupenda. Lakini utani wa makabila yetu una pande mbili zenye nguvu sawa, na una kazi. Mtani wako anakuchafua kwa maneno leo, kesho ndiye anayefika msibani kwako, anafanya vituko, anawachekesha wafiwa na kusaidia kazi ambazo wafiwa hawaziwezi. Ana deni kwako, na wewe una deni kwake. Mtoto wa miaka kumi na minne, peke yake katika darasa la watoto sitini, akiitwa "mkimbizi" kila siku, yuko katika utani gani? Nani kati ya wale wanaomwita hivyo aliyefika nyumbani kwao walipofiwa? Walimu wa Mwembesongo, mnalijua hili kuliko mimi. Mkilisikia neno hilo msicheke nao. Mpeni mtoto huyo nafasi ya kujibu, au lizuieni.

Na wazazi mliotoka nje, wito huu unawahusu ninyi pia, tena sana. Wengi mmeificha lugha yenu. Mnaizungumza usiku kwa sauti ya chini, mtoto akiingia mnahamia Kiswahili. Siwalaumu. Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga, watu waliondolewa Kagera, Kigoma na Geita kwa kuambiwa si raia, na hofu ya namna hiyo haiishii katika mikoa mitatu. Lakini nchi hii hii, mwaka uliofuata, iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000, wale waliokimbia mwaka 1972 na watoto waliozaliwa kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Yote mawili ni Tanzania. Mtoto hatakuwa salama zaidi kwa kutojua lugha ya bibi yake. Atashindwa tu kumwelewa bibi akipiga simu. Mfundisheni. Kiswahili hakitamtoka, kimemjaa.

Sheria iko upande wa ombi hili. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mtoto haki ya jina, haki ya uraia, na haki ya kuwajua wazazi wake wa damu na ndugu wa ukoo wake. Anayemficha mtoto habari za baba yake kwa sababu ya hasira ya kuachwa, hasira ninayoielewa, anamnyima mtoto kitu ambacho ni chake.

Sheria hiyo hiyo humhesabu mtu kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18, na hapo ndipo mzaha unapokwisha. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kijana aliyezaliwa na uraia wa pande mbili atatakiwa achague. Ni uchaguzi mzito, na haifai akutane nao kwa mara ya kwanza kwenye foleni ya ofisi. Achague akiwa anajua anachokiacha na anachokishika. Na akichagua kuwa Mtanzania, mtu asimwambie kwamba ameukana ukoo wa baba yake. Ameamua uraia tu. Shangazi yake wa Bujumbura au Johannesburg anabaki kuwa shangazi.

Tatizo kubwa zaidi ni makaratasi, na wengi humshuhudia kijana akizungushwa bila kujua wamsaidieje. Hana cheti cha kuzaliwa kwa sababu baba hakuwepo, au mama aliogopa kuulizwa baba ni nani. Akiwa darasa la tano hakuna anayejali. Akimaliza kidato cha nne anataka namba ya kitambulisho cha taifa ya NIDA, anahojiwa uraia wa wazazi wake, hajui hata walizaliwa kijiji gani. Akifika chuo, Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili. Mlango mmoja baada ya mwingine unafungwa kwa sababu ya jambo ambalo mtu mzima angelimaliza miaka kumi nyuma. Wenyeviti wa mitaa na mtendaji wa kata, ninyi mnazijua nyumba hizi. Mama akija kuomba barua ya utambulisho kwa ajili ya mtoto wa mgeni, msimfanye arudi mara nne, na msimuulize maswali ambayo hamumuulizi mama mwingine. Afisa ustawi wa jamii yupo. Apewe kazi hii mapema.

Tena haya si mageni kwetu: wengi wetu tuna ndugu Muscat, London, Minneapolis. Watoto wao wanazaliwa huko, na kila mwaka tunaomba wapokewe vizuri shuleni, wasidhihakiwe kwa majina yao, na wasisahau Kiswahili. Wakija likizo tunawapeleka kwa bibi, tunawalisha ugali na matembele, tunawaambia "hapa ni kwenu pia." Tunajua basi jinsi inavyofanywa. Majirani zetu wenye asili ya nje wanataka jambo hilo hilo kwa watoto wao walio hapa.

Nimalizie kwa kazi. Mwenye kijana wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na saba asiye na cheti cha kuzaliwa aende wiki hii kwa mwenyekiti wa mtaa apate barua, kisha afike ofisi ya Mkuu wa Wilaya kuanza usajili wa RITA. Kijana aende naye, asiachwe nyumbani. Njiani amwambie majina kamili ya babu na bibi wa pande zote mbili na mahali walipozaliwa, na kijana ayaandike. Na wewe usiye na mtoto wa namna hiyo, mfuate jirani aliye naye umuulize kama anahitaji shahidi. Shahidi anayemjua mtoto tangu kuzaliwa ni kitu ambacho ofisi haiwezi kumpa; majirani wa Mwembesongo wanaweza.